Ngano za Wakelti za Jacobs: mbona zinakatika ghafla, na wale watu wa vilimani tuwaiteje kwa Kiswahili?

Kalamu_Mkononi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mada yangu ni ngano za Wakelti alizozihariri Joseph Jacobs, zikachapwa London mwaka 1892. Ziko 26, nyingi za Ayalandi na Uskoti, chache za Welisi, moja ya Cornwall. Nataka kuzisimulia kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Kusimulia kwa mdomo, si kuwasomea. Kabla sijaanza, naomba wanaozijua wanisaidie, maana nyingine zimenikwama kooni.

"Munachar na Manachar" ilinichekesha hadi nusu ya njia. Mtu anahangaika kutafuta vitu vya kumnyongea mwenzake, anarudi, anakuta mwenzake kapasuka. Basi, imekwisha. Nilidhani nakala yangu imepungua ukurasa.

"Deirdre" ni nzuri mno, lakini wote wanakufa na hakuna anayelipwa haki yake.

"Mti-Dhahabu na Mti-Fedha" ilinishangaza upande mwingine. Ni ile ile ngano ya binti mzuri na mama mwenye kijicho, ila mwishoni mume ana wake wawili na wanapatana. Uskoti ya Wakristo, wake wenza wametoka wapi? Kuna mtu kachomekea?

"Mchungaji wa Myddfai": mume anamgusa mkewe begani kwa glavu, linahesabiwa pigo, na ndoa inaelekea kuvunjika. Nilimwonea huruma mume, kisha nikajiuliza kama ni haki kumwonea huruma.

Na "Bia ya Maganda ya Mayai" imenitisha kabisa. Mama anawatupa watoto ziwani na kitabu hakipepesi macho.

Kwa hiyo: kipi hapa ni cha wasimulizi na kipi ni cha Jacobs? Hawa viumbe wa vilimani niwaite majini? Na nianze na zipi?

---

MzeeWaPaukwa

Nakala yako haijapungua ukurasa, mkuu.

Anza na kujua kazi ya Jacobs ilikuwa ipi. Alikuwa mtu wa vitabu, mzaliwa wa Sydney, na ngano hizi alizitoa kwenye maandishi ya wenzake: Campbell wa Islay (majalada manne, 1860–1862), Douglas Hyde (1890, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Ayalandi mwaka 1938), Jeremiah Curtin (1890), Kennedy (1866), Croker (1825) na wengineo. Akakata, akaunga, akalainisha ili mtoto wa Kiingereza asichoke. Hakuficha. Nyuma ya kitabu kuna maelezo ya kila ngano: chanzo, ngano zinazofanana nayo, na maoni yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba matoleo mengi ya bei rahisi yameyanyofoa maelezo hayo. Iliyopo Project Gutenberg inayo, na ni bure. Kama nakala yako inaishia kwenye "Kijana wa Ngozi ya Mbuzi" bila maelezo, iweke kando uchukue hiyo.

Mfano mmoja wa mkono wake uone kazi ilivyo. Ile ya Cornwall, "Ngano ya Ivan", iliandikwa kwa Kikornishi na Edward Lhuyd kwenye kitabu chake cha mwaka 1707. Kibarua anafanya kazi miaka mitatu, na kila mwaka badala ya mshahara anapewa neno la busara. La kwanza: usiache njia ya zamani ukafuata mpya. La pili: usilale kwenye nyumba ya mzee aliyeoa mke kijana. La tatu, kwa Lhuyd: kubali kupigwa mara mbili kabla hujapiga mara moja. Anafika kwake usiku, anasikia mwanamume kitandani na mkewe, anashika kisu, analikumbuka neno la tatu. Kumbe ni mwanawe, aliyezaliwa yeye akiwa safarini. Jacobs akaliondoa neno hilo akaweka kwamba uaminifu ndio mwenendo bora. Kisu kikaondoka nalo. Ukiisoma kwake unaona ngano imepoa mwishoni na hujui kwa nini.

Sasa Deirdre. Hapo usimlaumu mhariri, vifo hivyo ndivyo ngano yenyewe. Waayalandi wanaihesabu katika Huzuni Tatu za Usimulizi, pamoja na Watoto wa Lir na Wana wa Tuireann. Ila kuna vifo viwili tofauti na ni lazima uchague. Jacobs alifuata simulizi aliyoichukua Alexander Carmichael kisiwani Barra mwaka 1867: Deirdre anaruka kaburini kwa mumewe, mfalme anaamuru wazikwe mbalimbali, misonobari miwili inaota makaburini na kukutana juu ya ziwa, inakatwa, inaota, inakatwa, mara ya tatu mke wa mfalme anamzuia mumewe. Simulizi kongwe, iliyomo katika Kitabu cha Leinster cha karne ya 12, ni kali zaidi. Deirdre anakaa mwaka mzima kwa mfalme Conchobar bila kutabasamu. Mfalme anamuuliza nani unamchukia kuliko wote; anajibu, wewe, na Eogan aliyemuua mume wangu. Ndipo mfalme anaamua kumkabidhi kwa huyo Eogan. Garini anajibamiza kichwa kwenye mwamba. Kwa vijana wako misonobari inatosha. Usichanganye tu, maana atakufa mara mbili.

Na kuna kitu ukikitoa, ngano nzima inaporomoka: mwiko. Waayalandi wanasema geis. Fergus ndiye mdhamini wa usalama wa wale ndugu watatu, yaani mume wa Deirdre na nduguze wawili, na ana mwiko wa kutokataa karamu. Adui anamwalika karamu njiani. Basi. Neno letu mwiko linabeba maana hiyo bila kuongeza hata herufi, na hapa Kiswahili kinashinda Kiingereza, ambacho huhangaika na sentensi nzima.

Wake wenza hawakuchomekwa. Ngano ilichapwa kwa Kigaeli na Kiingereza katika gazeti la Celtic Magazine mwaka 1888, na mke wa pili ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Yeye ndiye anayeingia chumba kilichofungwa, alimolazwa mke wa kwanza. Yeye ndiye anayechomoa mwiba wa sumu kidoleni mwa mwenziwe akafufuka. Mama mtu anaporudi na kikombe cha sumu, yeye ndiye anayemwambia: desturi ya hapa, anayempa mtu kinywaji hutangulia kuonja. Kikombe kikifika mdomoni, anakisukuma. Bila mke wa pili hakuna wa kumaliza ngano. Ukimfanya dada au mtumishi ili kuepusha maswali, itabidi ueleze kwa nini mtumishi ana ujasiri wa kumsukuma malkia mkono.

---

Nahodha_Kusi

Nijibu ya Munachar tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Ukitaka kuielewa, iweke karibu na hadithi ya Goso mwalimu, ile iliyomo kwenye hadithi za Unguja alizozichapa Edward Steere mwaka 1870. Buyu linamwangukia Goso, anakufa, wanafunzi wanamsaka muuaji: upepo wa kusi, kiambaza kinachozuia upepo, panya anayetoboa kiambaza, paka anayekula panya, hadi kwa paa. Goso tunamjua, hakuna anayelalamika. Munachar ni mashine ya aina hiyo hiyo, ila inakwenda kinyume: Goso inatafuta mkosaji, Munachar inatafuta zana.

Vituo viko 11, na mpangilio wake usiuguse: fimbo inataka shoka, shoka linataka jiwe la kunolea, jiwe linataka maji, maji yanataka kulungu wa kuogelea, kulungu anataka mbwa wa kumkimbiza, mbwa anataka siagi ya kupaka kwenye kucha, siagi inataka paka wa kuikwangua, paka anataka maziwa, ng'ombe anataka majani kutoka kwa wapura nafaka, wapuraji wanataka unga wa mkate, msagaji anataka maji, ayaletewe kwa chekecheo.

Makosa yanayotokea:

Msimulizi anachoka kituo cha tano na kusema "na kadhalika". Akishasema hivyo hana ngano tena. Kila kituo lazima mlolongo wote urudiwe tangu mwanzo, ukiongezeka kiungo kimoja. Wape wasikilizaji sehemu yao: wewe unasema "shoka la nini?", wao wanajibu "la kukata fimbo". Kufika kituo cha saba watakuwa wanakukimbilia mbele.

La pili ni kuruka kiungo. Ukiruka siagi, paka hana kazi. Dawa ni kuchora picha 11 kwenye karatasi moja, mviringo kama saa, na kuzisoma kwa macho. Usikariri maneno, kariri njia.

La tatu ni kunguru. Munachar anachota, chekecheo linavuja, kunguru anapita juu analia. Kwa Kiingereza kilio chake kinafanana na neno la kupaka udongo. Ukitafsiri "paka udongo!" unapata kunguru mwenye cheti cha ufundi. Tunalo neno letu la nyumba za udongo, na lina k mbili za kunguru: "Kandika! Kandika!" Munachar anaelewa, anakandika chekecheo kwa udongo mwekundu, maji yanakaa.

Kurudi ni mbio. Unga, majani, maziwa, siagi, kucha, maji, jiwe, shoka, fimbo, kamba, kwa pumzi moja ikiwezekana. Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Ndipo: "Kapasuka."

Huo mwisho wala si wa ghafla. Ugomvi ulianza kwa sababu Manachar anakula kila rasiberi inayochumwa. Wakati wote huu tunamfuata Munachar na shida zake, na hakuna aliyemkataza mwenziwe kula. Watoto huligundua hilo kabla ya wakubwa.

---

binti_maktaba

Kuhusu majini: mimi nasema hapana.

Jini kwa msikilizaji wa Kiswahili anakuja na mzigo wake. Kaumbwa kwa moto, ana dini au hana, anapanda mtu kichwani, anatolewa kwa kisomo au kwa ngoma. Viumbe wa Ayalandi wanaitwa aos sí, maana yake watu wa vilima, na vilima hivyo vipo, vinaonekana kwa macho: vichuguu vya kale vya makaburi na mabaki ya maboma ya udongo. Humo wana wafalme, ng'ombe, karamu, vita, na wanahitaji binadamu, hasa wakunga na mama wanaonyonyesha. Kwenye maandishi ya kale wamechanganyika na Tuatha Dé Danann, watu walioitawala nchi kabla ya Waayalandi na kuingia ardhini waliposhindwa nao. Hawana mabawa. Mabawa ni mapambo ya wachoraji na majukwaa ya Uingereza.

Mimi ningesema "watu wa vilimani", na pale wahusika wenyewe wanapozungumza, "Watu Wema", kwa kuwa ndivyo walivyowaita ili wasiudhike. Ni adabu ile ile ya mtu anayekwepa kumtaja nyoka usiku kwa jina lake.

Jitu lisiwe zimwi kila mahali. Zimwi kazi yake ni kula watu. Majitu ya Uskoti yanakula watu baadhi ya nyakati, lakini pia yana shamba, zizi na binti wa kuoza, kama lile la "Vita vya Ndege". "Jitu" linatosha. Leprekoni muache leprekoni, kisha sema mara moja kwamba ni fundi viatu na kila mara anashona kiatu kimoja, si jozi.

Sasa "Bia ya Maganda ya Mayai", na hapa naomba uwe mwangalifu kwelikweli. Imani yenyewe ni kwamba watu wa vilimani humwiba mtoto na kumwacha wa kwao mahali pake. Dalili zilizotajwa: mtoto hakui, analia mfululizo, anakula bila kunenepa, hasemi. Msomaji wa leo anaona hapo maradhi na ulemavu. Na haikuwa ngano peke yake. Machi 1895, miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Jacobs, Bridget Cleary wa Ballyvadlea, Tipperary, alichomwa moto na mumewe aliyeshikilia kwamba huyo si mkewe bali aliyeachwa badala yake. Mume alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 na kazi ngumu.

Kwa vijana wa kidato cha kwanza kuna njia safi. Matoleo mengi ya ngano hii yanaishia kwenye mshangao: mama anachemsha chakula cha wavunaji ndani ya ganda la yai, kile kiumbe kinashindwa kujizuia, kinasema kimeona punje kabla ya mti na yai kabla ya kuku, lakini hakijaona ganda likipika chakula cha wavunaji. Kimefichua umri wake, basi, kinatoweka. Ishia hapo. Ziwa si la lazima.

---

MzeeWaPaukwa

Binti_maktaba, nakubali karibu yote, ila kwenye jini nabisha kidogo. Majini ya hadithi za pwani nayo yana miji, yanaoa binadamu, yanakaa kwenye miti na mapango maalumu, yanakasirika yakikanyagwa. Msikilizaji akisikia "jini" anajua papo hapo kwamba kuna mipaka ya kuheshimiwa. "Watu wa vilimani" ni sahihi zaidi lakini ni baridi. Inabidi uipashe moto kwa maelezo ya dakika mbili.

---

binti_maktaba

Dakika mbili hizo zitumie. Ukisema jini, dakika kumi zitakwenda kwa mwanafunzi anayeuliza kama ni Muislamu.

---

Nahodha_Kusi

Hahaha. Hapo mzee kaa kimya tu.

---

fundi_lugha

Nimechelewa, lakini ya Myddfai haijajibiwa na ndiyo bora ya kitabu.

Mahali ni ziwa Llyn y Fan Fach, kusini mwa Welisi. Toleo refu lilichapwa 1861 pamoja na dawa za matabibu wa Myddfai. Ngano inamfanya yule mwanamke wa ziwani kuwa mama wa ukoo huo wa matabibu, na matabibu wenyewe walikuwepo kweli: Rhiwallon na wanawe, karne ya 13. Dawa zao zimo katika Kitabu Chekundu cha Hergest, hati ya kale ya Kiwelisi.

Tazama jinsi anavyoposwa. Kijana anamwonyesha mkate. Anajibu mkate wako umekauka, kunishika si rahisi, anazama. Mama mtu anamshauri apeleke unga uliokandwa haujaokwa. Anajibu mkate wako mbichi, sikutaki. Siku ya tatu, mkate ulioiva nusu. Hapo anakubali. Ukiisimulia uwe na mikate mitatu ya kweli mkononi: mmoja mkavu wa kugonga mezani, donge la unga, na mmoja laini katikati. Ule mkavu ukigongwa mezani, darasa linanyamaza.

Kisha mahari, nayo inatoka upande wa mke. Baba mtu anasema atampa wanyama wa kila aina kwa idadi atakayoihesabu kwa pumzi moja. Binti anahesabu tano tano: moja, mbili, tatu, nne, tano, moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka pumzi iishe. Kondoo, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, kisha farasi. Mwite mwanafunzi mmoja ahesabu, wengine wahesabu mafungu kwa vidole. Atakayejaribu kuhesabu hadi ishirini moja kwa moja ataona kwa nini binti alichagua tano: maneno mafupi, ulimi haujikwai. "Kumi na tisa" inakula pumzi.

Sharti: mapigo matatu bila sababu, nami naondoka. La kwanza, wanakwenda ubatizoni, mke anasitasita, mume anamgusa begani kwa glavu akimhimiza: nenda, nenda. La pili, harusini, mke anaangua kilio wakati wengine wanacheka; mume anamgusa, unalilia nini? Analia kwa sababu hawa wawili ndio wanaingia kwenye taabu. La tatu, mazishini, anacheka. Mume anamgusa, nyamaza! Anacheka kwa sababu maiti katoka kwenye taabu.

Swali lako la huruma liko kwenye maneno "bila sababu". Katika sheria za kale za Welisi, zile zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda, mume aliruhusiwa kumpiga mkewe kwa makosa matatu tu: kutoa mali asiyo na haki ya kuitoa, kukutwa na mwanamume mwingine, na kuzitakia aibu ndevu za mumewe. Akimpiga kwa jambo jingine, anamlipa fidia ya kumvunjia heshima. Kwa hiyo "pigo bila sababu" lilikuwa neno lenye makali, na hesabu ya tatu haikuja kwa bahati. Kwa maoni yangu ngano inamkamata mume kwa jambo lingine kabisa: mara zote tatu anamsahihisha mkewe mbele ya watu bila kumuuliza kwanza anaona nini. Na mara mbili za mwisho, mke ndiye aliyeona sawasawa.

Shida ya tafsiri: ukisema "pigo", vijana watangoja kofi, wakisikia glavu watacheka. Tumia "kumgusa kwa mkono wa kuamrisha" mara ya kwanza, kisha mwache mke mwenyewe aliite pigo: "Hilo la kwanza." Waache wabishane.

Usikate mwisho. Anawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Ndama mweusi aliyekwisha kuchinjwa anashuka kwenye kulabu akiwa hai. Maksai wanne wa kijivu waliokuwa wanalima wanamfuata na plau yao, na mfereji wa plau unachorwa mpaka ukingo wa maji. Ongea polepole hapo, na majina ya ng'ombe yawe ya Kiswahili ya rangi: Mwekundu, Madoa, Kijivu, Mweupe.

---

Kalamu_Mkononi

Wakuu, nimenyamazishwa. Nina mawili ya mwisho. Majina nayatamkaje, maana "sidhe", hao watu wa vilimani, nilikuwa nasoma kwa dh ya "dhahabu"? Na nianze na zipi?

---

fundi_lugha

Majina kwanza, na hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza.

Ch ya Kiayalandi na Kiwelisi mara nyingi ni kh yetu ya "kheri": Cú Chulainn ni Ku Khulin, na Fach ni Vakh. Gh nzito ya Kiayalandi ni gh yetu ya "ghali". Kwa Kiwelisi dd ni dh ya "dhahabu", hivyo Myddfai ni Madhvai, na Beddgelert ni Bedh-gelert. F moja ya Kiwelisi ni v. Sídhe ni "shii", dh imekufa kimya. Niamh ni Niiv. Aoife ni Iifa. Fionnuala ni Finuula. Samhain ni Sauin. Ll ya Kiwelisi hatunayo: weka ulimi kama unasema l, kisha puliza bila sauti. Ukishindwa sema l, ngano haitaanguka.

Usipeleke zaidi ya majina matatu mageni kwa ngano moja. Mfalme anaweza kuitwa mfalme tu.

---

MzeeWaPaukwa

Za kuanzia: "Kisa cha Knockmany". Fin anamkimbia Cucullin, mkewe Oonagh anamvalisha mavazi ya mtoto na kumlaza kwenye kitanda cha mtoto, kisha anaoka mikate 21 yenye vikaango vya chuma ndani. Cucullin anang'ata, meno yanatoka. "Mtoto" anapewa mkate usio na chuma, anaumaliza. Halafu Cucullin anataka kuyapapasa meno ya mtoto huyo, na Fin anamng'ata kidole cha kati, kilichobeba nguvu zake zote. Inachukua dakika 15 hivi na haina kifo cha kuhuzunisha. Kumbuka tu kuwaambia wakubwa kwamba Cucullin huyu ni kichekesho cha karne ya 19 kutoka kwa William Carleton. Katika simulizi za kale Cú Chulainn ni shujaa wa Ulster, na yeye na Fionn, ndiye Fin wetu, hawakutani kabisa.

Ya pili "Shamba la Maboliani" (maboliani ni aina ya magugu): Tom anamkamata leprekoni, anaonyeshwa gugu lenye dhahabu chini yake, analifunga utepe mwekundu, anakimbilia jembe. Akirudi, kila gugu katika shamba zima limefungwa utepe mwekundu. Fupi, safi.

Kisha Munachar, kisha Mti-Dhahabu, kisha Myddfai. Deirdre iwe ya mwisho, na iwe jioni. "Beth Gellert" wataitambua wenyewe kama wamesikia Kalila na Dimna: mnyama mwaminifu anauawa kwa kudhaniwa kamla mtoto. Kule ni mbwa na mbwamwitu, huku ni nguchiro na nyoka. Kaburi la mbwa linaloonyeshwa watalii Beddgelert lilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, na anayetajwa ni mwenye hoteli wa hapo. "Olwen" iache kwanza: hata baada ya Jacobs kuipunguza, ina majina mengi kuliko orodha ya mahudhurio.

---

Nahodha_Kusi

Nyongeza moja kwa mleta mada. Waayalandi nao wana kifungio kama chetu. Hyde alikiandika kwa Kiayalandi: wao walishika kivuko, mimi nikashika mawe ya kukanyagia, wao wakazama, mimi nikafika. Kitumie kufungia Munachar. Ukianza na "Paukwa", wakaitika "Pakawa", halafu ukamaliza na mawe ya kukanyagia, hakuna atakayeona mshono.

---

binti_maktaba

Na ukitaka ngano nyingine zisizopita mkononi mwa Jacobs, nenda dúchas.ie. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi wa Ayalandi walitumwa kuwauliza wazee wao, na madaftari yao yamewekwa humo kama yalivyo, hati za mkono na makosa ya tahajia. Mengi ni ya Kiingereza. Tafuta kwa jina la kijiji au la kiumbe, si kwa kichwa cha ngano, maana watoto wengi waliandika juu ya ukurasa "Hadithi" tu.